Shajara ya Mwongozo wa Wazi wa Kuprinti, Dodoma: tulipokwama kwenye leseni na tulivyojikwamua

Naandika shajara hii ili atakayeiga kazi yetu Singida, Manyoni au Kondoa asipite njia tuliyopita sisi. Tuko watu sita, wote tunaishi Dodoma mjini, na kazi hii tunaifanya jioni na mwisho wa wiki. Yaliyo rahisi nimeyapitia haraka. Makosa nimeyaeleza kwa kirefu, maana ndiyo yaliyokula muda na fedha.

10 Februari 2025: Tunachotaka

Ukifika Ng'ong'ona, upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, steshenari zimepangana mlango kwa mlango. Mwanafunzi anakuja na ripoti kwenye simu. Anaambiwa atume kwa WhatsApp, au achomeke flashi kwenye kompyuta ambayo wiki iliyopita ilikuwa na virusi. Faili likifunguliwa, herufi zimebadilika, jedwali limerukia ukurasa wa pili, na namba yake ya simu imebaki kwa mtu asiyemjua. Kurasa zilizoharibika analipia yeye.

Tunataka maandishi mafupi ya Kiswahili yanayosema steshenari iwe na nini ili simu yoyote itume kazi moja kwa moja kwa waifai kwenye printa yoyote, bila kusakinisha kitu. Tumeyaita Mwongozo. Tutayaambatanisha na memori kadi yenye mfumo ulio tayari: unaichomeka kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), unaunganisha printa kwa waya, unaanza kazi.

Fedha za kuanzia tumechanga: Raspberry Pi mbili zilizotumika, shilingi 360,000, memori kadi 10 za GB 16, shilingi 120,000, rimu tatu za karatasi, 39,000, kujazisha wino, 30,000. Jumla 549,000. Bando kila mtu anajilipia. Mama mmoja mwenye steshenari pale Ng'ong'ona amekubali tumjaribie yeye kwanza.

26 Februari: Draiva inagoma

Printa ya majaribio ni leza ya rangi moja, aina iliyojaa kwenye mstari ule wa maduka. Kampuni yake sitaitaja. Draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa, ipo ya Linux (mfumo huria wa kuendesha kompyuta) na inapakuliwa bila malipo kutoka kwa kampuni yenyewe.

Kwenye Pi haikutoa hata karatasi moja. Foleni inapokea kazi, taa inawaka kidogo, kisha kimya. Siku mbili nilihangaika na waya wa USB, nikanunua mwingine kwa 8,000 bila sababu. Siku ya tatu ndipo nikasoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Jibu lilikuwa pale tangu mwanzo: faili la kuchuja kazi haliwezi kuendeshwa kwa sababu si la mashine ya aina hii. Nikalikagua. Lilikuwa limekompailiwa, yaani limegeuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa prosesa za Intel za biti 32, na prosesa ya Pi ni ya aina nyingine, ARM. Ili ulikompaili upya unahitaji msimbo chanzo, yaani programu kama ilivyoandikwa na mtu, na kampuni haiutoi.

Tulichofanya: tulinunua laptopu chakavu kwa 180,000 pale mjini, draiva ikakubali. Memori kadi tukaziweka kando, tukahamia kwenye flashi za kuwashia kompyuta. Sasa naona kwamba hapo ndipo ilipaswa nisimame niulize kwa nini kazi ya wazi inategemea faili ambalo hakuna kati yetu anayeweza kulisoma. Nilifurahia karatasi iliyotoka, nikaendelea.

19 Machi: Toleo 0.1

Mwongozo umefika kurasa 14. Flashi tano (50,000) zimekwenda kwenye steshenari tano. Simu za Android zinaiona printa, zinatuma, karatasi inatoka.

Naeleza jinsi nilivyouandika, kwa sababu shida yote imetokea hapo. Nilifungua faili la PPD lililokuja na draiva, yaani lile linaloorodhesha uwezo wa printa: trei, saizi za karatasi, ubora, kuprinti pande mbili. Nikachukua majina yake, vifupisho vyake na mpangilio wake, nikavifanya majedwali ya Mwongozo. Niliona ni busara: printa hiyo ndiyo iliyoenea, basi lugha yake iwe lugha ya wote.

3 Aprili: Swali la mwalimu

Mwalimu wa TEHAMA wa sekondari moja huko Kondoa alituandikia: "Kaka, hongereni kwa kazi. Nataka niuweke Mwongozo kwenye kompyuta za shule, nibadilishe jedwali la printa liendane na ya kwetu, kisha niwagawie walimu wa shule jirani. Leseni yake inaniruhusu?"

Nilianza kumjibu "chukua tu, ni bure". Vidole vikasimama. Hatukuwa tumeandika leseni yoyote. Kazi isiyo na leseni haimaanishi kila mtu ana ruhusa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta pamoja na maandishi mengine, na ulinzi unaanza kazi inapotengenezwa tu, bila kuisajili popote. Mwalimu hakuwa na ruhusa yetu. Na baada ya saa moja niligundua kwamba hata sisi hatukuwa na ruhusa ya kumpa.

Usiku ule nilikifungua kile kifurushi cha draiva, kila folda. Nilidhani ni kitu kimoja, kumbe ni vitatu vilivyofungwa pamoja, kila kimoja na masharti yake. Kuna programu fupi ya kuunganisha draiva na CUPS, ambayo ni programu inayosimamia uchapishaji kwenye Linux. Hiyo iko chini ya leseni huria ya GPL toleo la 2, ruhusa kuibadilisha na kuigawa ukifuata masharti. Kuna lile faili la Intel, lenye mkataba wa kampuni: litumike na printa zao peke yake, lisigawiwe kwa mwingine, lisichambuliwe kujua linavyofanya kazi. Na kuna PPD, ambayo mistari yake ya juu inasema hakimiliki ni ya kampuni na haki zote zimehifadhiwa.

Adobe ndio waliobuni muundo wa PPD, na maelezo yao ya toleo la 4.3 la mwaka 1996 yanasomwa na yeyote. Hilo lilikuwa limenichanganya. Muundo kuwa wazi hakufanyi kila faili lililoandikwa kwa muundo huo kuwa wazi, kama vile barua si mali ya aliyebuni herufi.

Kiswahili kimetupa maneno mawili, bure na huru, na mimi niliyachanganya. Kifurushi kilikuwa bure. Thuluthi moja tu yake ndiyo ilikuwa huru, na si ile niliyonakili.

Ushahidi upo kwenye jedwali la 3 la Mwongozo wetu. Lina mistari 31. Mstari wa 17 una jina la aina ya bahasha lenye kosa la tahajia, herufi ya mwisho imeachwa. Nililinganisha na PPD: kosa lilelile, mahali palepale, herufi ileile. Mtu yeyote akiyaweka maandishi hayo mawili pamoja hahitaji shahidi mwingine.

5 hadi 9 Aprili: Kukusanya flashi

Kila flashi tuliyogawa ilikuwa na lile faili ambalo mkataba unakataza kuligawa. Tumekubaliana sote sita: zirudi. Bajaji 24,000 kwa siku tano.

Nilianza kwa mama wa Ng'ong'ona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umekuja umenuna?"

Nikamweleza. Akaweka mkasi chini, akanitazama. "Kwa hiyo mlinipa kitu ambacho si chenu."

"Ndiyo mama. Tusamehe."

"Na wateja wangu wa kesho nitawaambia nini? Wiki hii wana kazi za kuwasilisha."

Nilikaa naye mpaka jioni. Tukasakinisha mfumo mtupu wa Debian, aina mojawapo ya Linux, kwenye kompyuta yake, kisha yeye mwenyewe akaingia kwenye ukurasa wa kampuni, akapakua draiva, nikamsomea masharti kwa Kiswahili, akabonyeza kukubali kwa mkono wake. Printa ikafanya kazi kama jana. Tofauti ni kwamba ruhusa sasa ni yake, ameipata kwa mwenye mali, na sisi hatumo katikati. Sikujua kwamba jioni ile ndiyo itakuja kutupa ufumbuzi mwezi Julai.

Flashi nne zimerudi bila shida. Ya tano ilikwishanakiliwa na dada wa kaunta kwa ajili ya ndugu yake wa Singida. Tumempigia, amefuta, ametutumia picha.

23 Aprili: Jedwali lililotoka ofisini

Tulipofuta majedwali yangu, kijana wetu mmoja alijitolea kuyaandika mengine. Alirudi baada ya siku mbili na jedwali safi sana: ishara za makosa, namba za hitilafu, hatua za kurekebisha. Safi kupita kiasi. Nikamuuliza ametoa wapi. Ameajiriwa kwenye ofisi inayouza na kutengeneza printa, na alikuwa amelitoa kwenye kitabu cha mafundi ambacho kila ukurasa chini umeandikwa kwamba ni siri ya kampuni.

Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alitaka kazi iende. Lakini fikiria lingeingia kwenye Mwongozo, likasambaa mashuleni, kisha mwajiri wake akaliona. Angepoteza kazi, na sisi tungepoteza Mwongozo mzima. Tumelifuta, na tumeliondoa hata kwenye historia ya mafaili, maana kufuta toleo la leo huku la jana linasomeka si kufuta.

Kuanzia leo kila anayechangia anaandika mistari mitatu na kutia saini: haya nimeyaandika mimi, nimeyatoa chanzo fulani, na mwajiri wangu hana haki juu yake au ameniruhusu. Kijana wetu alikwenda kuusoma mkataba wake wa kazi. Unasema anachoandika kuhusu printa akiwa kazini ni mali ya ofisi. Amehamia upande wa majaribio, na hakuna aliyemlaumu.

14 Mei: Leseni zisizokaa chumba kimoja

Mwezi huu wote tumepekua mfumo wetu wenyewe. Tumekuta makosa mawili.

La kwanza ni programu yetu ndogo ya kuhesabu kurasa ili mwenye duka ajue bei. Tuliiandikia leseni ya Apache 2.0 kwa sababu ndiyo leseni ya CUPS tunayotumia. Lakini ndani yake mwenzetu alikuwa amenakili sehemu ya draiva fulani huria iliyo chini ya GPL toleo la 2 peke yake. Free Software Foundation, wenye GPL, wanasema wazi kwamba Apache 2.0 haiendani na GPL toleo la 2, kwa sababu ina masharti ya hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) na ya fidia ambayo GPL hiyo haina. Na toleo la 3 inaendana. CUPS wenyewe wameongeza ruhusa maalumu ili programu za GPL 2 ziweze kuunganishwa nayo. Ruhusa hiyo inahusu msimbo wao. Hainipi mimi haki ya kuchukua msimbo wa GPL wa mtu mwingine na kuuvika jina la Apache. Tumeondoa mistari 212, na mwenzetu mwingine ambaye hajawahi kuiona ameandika sehemu hiyo upya.

La pili ni Ghostscript, inayogeuza PDF kuwa picha ya ukurasa. Tangu toleo 9.07 la mwaka 2013 iko chini ya AGPL, leseni ndugu ya GPL. Tulikuwa tumeibadilisha kidogo ili itumie wino mchache. AGPL inasema ukiibadilisha programu, na watu wakaitumia kupitia mtandao, lazima uwape nafasi ya kupata msimbo wa mabadiliko yako. Mteja anayetuma kazi kwa waifai anaitumia kupitia mtandao. Tungeweza kuweka msimbo wazi, na si jambo baya, lakini mama wa steshenari ndiye angebeba wajibu huo bila kujua. Tumerudisha Ghostscript ya Debian isiyoguswa. Wino mchache tunauweka kwenye ubora wa rasimu, basi.

Kuna sharti moja la GPL na AGPL ambalo wengi wanaogawa mifumo kwenye kadi wanalisahau: ukimpa mtu programu iliyokompailiwa, lazima umpatie na msimbo chanzo wa toleo hilohilo. Njia nyepesi kwa mji ambao bando ni ghali ni kuuweka msimbo ndani ya kadi yenyewe. Lakini tuliporudi kwenye kadi baada ya kuacha flashi, zile za GB 16 hazikutosha. Tumenunua 10 za GB 32 kwa 180,000. Zile za kwanza hazina kazi tena kwenye mradi.

Nimeisoma pia historia ya CUPS, kwa sababu mwenzetu mmoja aliuliza: kwa nini tusiandike Mwongozo unaosema "fanya kama CUPS inavyofanya", tumalize? CUPS ilianzishwa na Michael Sweet kwenye kampuni yake ya Easy Software Products, ikatoka mwaka 1999 chini ya GPL. Mwaka 2007 Apple walimwajiri na kuununua msimbo. Toleo 2.3 la mwaka 2019 likatoka chini ya Apache 2.0, kwa kuwa mwenye hakimiliki anaweza kubadilisha leseni ya matoleo yajayo. Baadaye Sweet aliondoka Apple, na tangu 2020 kazi inaendelezwa na OpenPrinting. Ndani ya miaka 21, programu ileile imepita mikono mitatu na leseni mbili. Sisemi walikosea, nakala za zamani za GPL bado ni za GPL na zinatumika. Ila Mwongozo wetu ungekuwa umeegemea programu, ungepaswa kuandikwa upya kila mwenye mali alipobadilika. Itifaki ya IPP, yaani lugha ya kutuma kazi kwa printa kupitia mtandao, ambayo CUPS inaizungumza, imeandikwa kwenye RFC (hati za wazi za viwango vya intaneti) namba 8010 na 8011 za mwaka 2017, na hizo hazimtegemei muuzaji yeyote.

10 Juni: Vyumba viwili

Tumemlipa wakili 100,000 kwa saa mbili. Kwa maneno yangu, alisema hivi: hakimiliki inalinda jinsi kitu kilivyoandikwa, wazo lenyewe hailindi. Hakuna anayemiliki jambo la kuvuta karatasi ya A4 kutoka trei ya pili. Lakini mpangilio wako, majina yako na maelezo yako yakifanana na ya mwingine hadi makosa ya tahajia, huwezi kusema uliyafikia mwenyewe. Njia salama ni kumpa kazi ya kuandika mtu ambaye hajawahi kuona yale maandishi.

Basi tumegawana vyumba. Watatu ambao hawajawahi kufungua kifurushi cha kampuni ndio wanaoandika. Watatu tulioona, mimi mmojawapo, tunajaribu tu: tunaandika "simu hii ilituma kurasa nne, zilitoka tatu", hatusemi kwa nini wala hatupendekezi maneno. Kila ujumbe kati ya vyumba unahifadhiwa kwa tarehe.

Imeniuma. Toleo la kwanza nililiandika mimi usiku kucha kwa mwezi mzima, na sasa siruhusiwi kugusa sentensi moja. Lakini ndivyo ilivyo, na sentensi zinazotoka chumba cha pili ni bora kuliko zangu.

2 Julai: Toleo 0.2, kutoka kwenye karatasi za wazi

Waandishi wetu wana vyanzo viwili tu mezani: RFC za IPP, na hati za Printer Working Group (PWG), kikundi kinachoandika viwango vya printa, hasa IPP Everywhere ya mwaka 2013, inayoeleza kuprinti bila draiva ya kampuni. Kila sentensi ya Mwongozo pembeni ina namba ya kifungu ilikotoka.

Majina ya huko yanajieleza. Karatasi ya A4 inaitwa iso_a4_210x297mm: kiwango, jina, upana, urefu. Hakuna vifupisho vya kampuni vya kukariri. Jedwali langu la mistari 31 limekuwa la mistari 9.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni ruhusa ya kutafsiri. Masharti ya IETF, wanaotoa RFC, yanaruhusu waziwazi RFC zitafsiriwe kwa lugha nyingine zisizo Kiingereza. Hati za PWG zinaruhusu maandishi ya kuzieleza na kusaidia kuzitekeleza, mradi tangazo lao la hakimiliki liwepo na hati yenyewe isibadilishwe. Mwezi Machi nilikuwa nanyemelea PPD ya kampuni, na huku kulikuwa na milango miwili iliyofunguliwa na wenyewe.

Tumeanza na hali za printa zinazoonekana kwenye skrini ya duka: karatasi zimeisha, karatasi imekwama, kifuniko kiko wazi. Kwa tona, ule unga wa printa za leza, waandishi waliandika "tona inakaribia kuisha". Mama akakataa. Kaunta zote anazozijua, printa ziwe za leza au za wino wa maji, husema wino. Tumeandika "wino unakaribia kuisha".

Kuna swali lililokaa mezani wiki nzima: je, kiwango cha wazi kinaweza kuzaliwa kutokana na programu ya kampuni, kikabaki safi? Kinaweza, na mfano ulikuwa kwenye mafaili yetu wenyewe. Nilifungua kazi moja iliyotumwa na simu, nikaangalia baiti zake za mwanzo. Nne za kwanza ni RaS2, kisha linafuata neno PwgRaster, na kichwa cha kila ukurasa kina baiti 1,796. Huo ni muundo wa picha ya ukurasa uitwao PWG Raster, wa mwaka 2012, na umetokana na toleo la pili la muundo wa picha wa CUPS, wakati CUPS ni mali ya Apple. Kilichoutenganisha na kosa langu ni njia uliyopitia: muundo uliandikwa kama hati inayojitegemea, ndani ya kikundi chenye kanuni za haki na hataza, na yeyote anaweza kuutekeleza kwa kuisoma hati bila kufungua msimbo wa mtu. Mimi nilichukua vitu vya kampuni bila kampuni kujua, nikaviita vya wazi.

AirPrint, njia ya Apple ya kuprinti kutoka kwenye iPhone, iliyoanza 2010, ina muundo wake wa picha. CUPS inaupokea, kwa hiyo iPhone zinaprinti pale dukani. Kwenye Mwongozo hatuutaji, kwa sababu hatuna hati ya wazi ya kuirejea.

24 Julai: Printa za zamani

Tumejaribu steshenari tisa, kuanzia Ng'ong'ona mpaka Majengo na Makole. Printa nne zinazungumza IPP Everywhere zenyewe, kazi ya dakika kumi. Tatu hazizungumzi, lakini zina draiva huria ndani ya Debian, nazo zimekubali kwenye Pi. Duka moja simu hazikuiona printa mpaka tulipozima mpangilio wa ruta unaozuia vifaa vya wageni kuonana. Umeme ulikatika mara mbili, kadi zikavumilia.

Mbili hazina draiva huria kabisa. Moja ni ile ya mama. Tulikaa siku nne tukibishana: tuziache nje ya Mwongozo? Zimejaa mjini, na wenye maduka hawana fedha za kununua nyingine. Tuiweke draiva ya kampuni kwenye kadi? Hapana, hilo tumelilipia.

Jibu lilikuwa jioni ile ya Aprili. Mwenye duka anapakua draiva mwenyewe, anakubali masharti mwenyewe, anaisakinisha kwenye kompyuta yake ya Intel. CUPS ya kompyuta hiyo inaishirikisha printa kwenye waifai kwa lugha ya IPP. Mwongozo unaanzia kwenye waifai: unasema kazi ifike vipi, na hali ya printa irudi vipi kwa simu. Kinachotokea nyuma ya foleni ni kati ya mwenye printa na aliyemuuzia. Kadi yetu haibebi faili la kampuni, wala Mwongozo hautaji jina lake. Tulichoongeza ni ukurasa mmoja wa kumsaidia mwenye duka kuyasoma masharti kabla ya kubonyeza.

Mama aliprinti ripoti ya kurasa 72 kutoka kwenye simu ya mwanafunzi. Alizihesabu kwa kidole gumba, moja moja, akasimama kwenye ukurasa wa jedwali, akauinua kwenye mwanga. Mistari ilikuwa imetulia mahali pake. "Hii sasa ni yenu?" akaniuliza. Nikamjibu, "Hii ni yetu, mama, na yako."

19 Agosti: Toleo 0.3 na leseni yake

Mwongozo una kurasa 11. Maandishi tumeyaweka chini ya Creative Commons BY 4.0: nakili, badilisha, uza ukitaka, taja tu ulikotoa. Msimbo wetu uko chini ya Apache 2.0. Tumetofautisha kwa sababu leseni za Creative Commons hazitoi ruhusa ya hataza, na Apache 2.0 inaitoa. Kwa pengo hilo kwenye maandishi, wachangiaji wote wametia saini kwamba hawatadai hataza dhidi ya anayeutekeleza Mwongozo. Leseni ipo ukurasa wa kwanza, juu kabisa.

Ndani ya kadi kuna folda tatu za kuangalia kabla ya kuigawa: ya leseni za kila programu, ya misimbo chanzo, na ya saini za wachangiaji. Ukiongeza programu yako, ongeza na karatasi zake kwenye folda hizo siku hiyohiyo.

Fedha zote: 1,091,000. Kati ya hizo, 382,000 tusingezitumia kama ningesoma leseni mwezi Februari: laptopu, waya, flashi, bajaji, na zile kadi za GB 16. Muda wa kuandika Mwongozo mara mbili sijauhesabu.

Mwalimu wa Kondoa nimemjibu leo, miezi minne na nusu tangu aulize: ndiyo, leseni inakuruhusu, badilisha jedwali, wagawie wenzako. Kadi yake nimeipeleka stendi ya Nanenane mchana, imeondoka na basi. Jioni amepiga simu kusema ameipokea, na kwamba printa ya shule ni ya aina ya mama.